Nakuru hadi Kisumu kwa baiskeli, na kidole cha mwisho kilichokataa kuamka

Nimekaa wiki mbili kabla ya kuandika hii, na si uvivu, ni vile mkono wa kushoto ulikuwa bado unanisumbua nikichapa. Nimeiunganisha kutoka kwa vijinoti vya simu na picha mia na kitu, nusu yake mawingu na mgongo wa shemeji.

Tulikuwa wawili. Mimi na baiskeli yangu ya resi, ya mtumba, niliyonunua mwaka jana 38,000 baada ya kubembelezana bei wiki nzima. Shemeji, ndugu ya mke wangu, mtoto wa Kisumu anayefanya kazi huku kwetu Nakuru, alikuja na mauntini yake, baiskeli ya milimani, ya taya (tairi) nono, usukani umenyooka, keria nyuma imefungwa na mpira wa tubu, inapiga kelele kama sufuria za harusi. Nilimcheka Jumanne jioni yote.

Na hiyo Jumanne jioni ndio nilifanya makosa yote ya safari, kabla hata hatujatoka kwa geti. Siku chache nyuma nilikuwa nimesikia ganzi huko chini mahali hapatajwi, nikaona video moja, nikachukua spana nikashusha pua ya kiti, nikashusha tena kidogo. Taya zangu ni milimita 25 na zimeandikwa mwisho 120 psi (kipimo cha upepo), nikajaza 110 nikaona hiyo ni heshima. Halafu nikapakia kila kitu kwa begi la mgongoni, kilo saba, kwa sababu keria niliiona kitu cha wauza maziwa. Shemeji akaniangalia tu. "Shem, hiyo begi itakukalia." Nikamwambia apeleke ushauri kwa mauntini yake.

Jumatano 13 Agosti. Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo

Tumetoka saa kumi na mbili na robo, jiji bado linapiga miayo. (Ndio, jiji, tangu Desemba 2021, hata kama matope ni yale yale.) Barabara fupi ya kwenda Kericho ni ile kuu ya Salgaa na Sachangwan, lakini mtu wa Nakuru haambiwi Salgaa. Moto wa lori la mafuta pale Sachangwan mwaka 2009 uliua zaidi ya watu mia, na mkesha wa mwaka mpya wa 2018 pale Migaa basi na lori viligongana watu 36 wakaenda. Siku hizi kuna ukuta wa kutenganisha magari sehemu ile, lakini treila ni treila. Tukakata kushoto Njoro.

Ukipanga hii safari pita Njoro. Ni mlima, utahema, lakini malori makubwa ni machache na kuna vibanda kila baada ya dakika kumi. Chai na mandazi mbili pale Njoro, 50 kila mtu.

Kutoka Njoro kupanda Elburgon ndio mkono ulianza kuongea. Kwanza ni kuwashwa tu, kidole kidogo na kile cha pete, mkono wa kushoto, kama umelalia mkono usiku. Nikakung'uta, ikaisha. Baada ya kilomita mbili ikarudi. Lami ya pale kuna mahali ni chakavu, yaani si mashimo sana, ni ile lami ya kokoto zimetokeza, na kwa taya za 110 kila kokoto ilikuwa inanipigia simu kwenye kiganja. Nikawa nakaza mkono ndio nisipoteze usukani, na nikikaza inakuwa mbaya, na ikiwa mbaya nakaza. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni, viwiko nimevinyoosha kama mtu anasukuma gari lililozima.

Shemeji yuko mbele anaimba.

Elburgon ni harufu ya mbao, vinu vya kupasua miti kila mahali. Tulikula hapo madondo na chapo mbili, 120. Nilipotoa pesa mfukoni sarafu ya kumi ikaniponyoka, nikacheka. Ya pili ikaponyoka. Sikucheka.

Molo tulifika saa tisa kasoro, kilomita 56 kwa komputa yangu ndogo, tumetoka kama mita 1,850 juu ya bahari tukaishia karibu 2,500, na baridi ya Molo ya Agosti sitaki kuieleza. Lodji 800, maji moto kwa beseni.

Sasa hapa ndio kitu chenyewe. Mama wa lodji akanipa ufunguo, ni ile kufuli ya shaba, ya kawaida tu. Nikaingiza ufunguo, nikashika kichwa cha ufunguo kati ya gumba na kidole cha shahada kwa mkono wa kushoto (wa kulia ulikuwa umeshika baiskeli), nikazungusha. Haikuzunguka. Nikajaribu tena, nikaona vidole vinateleza juu ya ufunguo kama vimepakwa mafuta. Hakuna uchungu hata, ni nguvu haiko. Mama akafikiri kufuli imeshika kutu, akaja akafungua kwa vidole viwili, tsk. Akaniangalia mkono. "Kijana wangu, hiyo mkono imelala. Ngoja." Akaleta kikombe cha uji moto nishike kwa mikono miwili, na hakuniitisha pesa. Nikashika nikisikia moto kwa vidole vitatu na nusu.

Alhamisi 14 Agosti. Molo hadi Kericho

Nililala vibaya. Asubuhi kidole kidogo kilikuwa bado kina ganzi upande wa nje, na nikitandaza vidole vya kushoto havitanuki kama vya kulia. Niliongea na shemeji ukweli, kwamba pengine nipande matatu. Akasema sawa, lakini kwanza tupunguze vitu. Akachukua begi langu akalifunga kwa keria yake bila neno la kejeli, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kejeli. Halafu akafinya taya yangu ya mbele kwa gumba, akatingisha kichwa. "Shem, hii ni jiwe." Pampu yangu ina mita, tukashusha mbele 75 na nyuma 85. Mimi ni kilo 78. Ukiwa mzito kuliko mimi weka zaidi kidogo, ukiwa mwepesi punguza. Ile namba imeandikwa kwa taya ni mwisho wa taya, haikuambii ya kujaza.

Kutoka Molo unashuka hadi Kibunja unaingia barabara kuu, na hapo hakuna njia, utakaa na malori mpaka pale Mau Summit njia za Eldoret na Kericho zinapoachana. Tulikaa nje kabisa ya mstari, na nikagundua kitu kingine, kwamba nikiogopa nashika usukani kama mtu anataka kuuvunja. Malori yakipita pumzi inakatika na vidole vinakaza vyenyewe.

Londiani Junction tulisimama kunywa chai lakini tulikaa nyuma, mbali na lami, bila kuambiana. Ni pale ambapo Juni 2023 lori lilitoka barabarani likaingia kwa watu na vibanda, zaidi ya hamsini wakafa jioni moja. Mama wa chai alituuliza tunatoka wapi, tukaongea bei ya waru. Chai 20, viazi karai sahani 50.

Begi kutoka mgongoni ilisaidia, taya pia, wacha nisidanganye, pengine nusu ya shida iliisha. Lakini nusu ilibaki. Na nikaanza kuona kitu ambacho jana sikuona kwa sababu ya kulalamika: kila dakika mbili najisukuma nyuma. Yaani nateleza polepole mbele ya kiti, nafika puani, najisukuma kwa mikono narudi, nateleza tena. Siku nzima jana nilikuwa nafanya pushapu na sijui.

Kabla ya Chepseon kuna kituo kidogo, fundi wa pikipiki upande mmoja na upande wa pili wanajenga duka. Tukasimama. Fundi, kijana wa miaka ishirini hivi, akasema wazi hajawahi kushika baiskeli ya aina hii lakini alizunguka akaiangalia kwa mbali, akainama, akafunga jicho moja. "Brathe, hii kiti inakumwaga."

Nikaanza kumweleza kuhusu video. Akaniacha nikiongea akavuka barabara kwa wale wa mjengo, akarudi na pimamaji. Ile ndefu ya fundi wa mawe, ina simiti imekauka kwa ncha. Akailaza juu ya kiti kutoka mkiani hadi puani, na lile povu likakimbilia nyuma likajificha kabisa, hata nusu halikuonekana. Wale wajenzi wakaja kuangalia, mmoja akasema kama ni ukuta huo ungekuwa umeanguka. Akalegeza bolti chini ya kiti, akainua pua, povu likatoka, likasita, likarudi nyuma, akagonga pua kutoka chini na kiganja mara mbili, likakaa katikati.

Halafu nikakaa, shemeji ameshika baiskeli wima, na hapo nikaelewa kwa makalio kitu ambacho hakuna video ilikuwa imenieleza. Nilikuwa nimekaa. Kukaa tu. Mikono ilikuwa imewekwa juu ya usukani, haijasimamia kitu. Tangu jana nilikuwa nafikiria mkono ni mgonjwa, natafuta dawa ya mkono, na shida ilikuwa chini ya suruali.

Fundi akazungusha usukani juu kidogo pia, kwa sababu zile sehemu za kushika juu ya breki zilikuwa zimeinama na kifundo cha mkono kilikuwa kinavunjika kuelekea nyuma. Alivyoniambia ni hivi: nyoosha mkono kama unanisalimia. Kifundo kimenyooka, sindio? Sasa shika breki bila kukibadilisha. Kama inabidi ukikunje, si mkono wako unaotakiwa kubadilika.

Mwisho akakata kipande cha tubu nzee ya pikipiki, akafungua ule utepe wa usukani mpaka karibu na katikati, akaweka tubu chini pale kiganja kinakaa, akarudishia utepe juu. Ni mbaya kuangalia, usukani una uvimbe kama nyoka amemeza panya, lakini mtetemo ulipungua nikausikia. Aliitisha 150, nikampa 300 na wale wa pimamaji tukawanunulia soda, tukaachwa na picha ambayo watu saba wanaangalia kiti.

Kwa anayepanga: kama huna pimamaji tumia chupa ya maji iliyojaa nusu, ilaze juu ya kiti, baiskeli iko kwa sakafu iliyo sawa, uone maji yanakimbilia wapi. Pua ikishuka sana mikono inalipa. Na kama huko chini kunakufa ganzi, kwanza angalia kama kiti ni kirefu sana kwa miguu yako au ni kipana vibaya, usikimbilie kuinamisha kama mimi. Kingine, kiti kikisukumwa mbele sana uzito unaenda mikononi, watu wengi husukuma mbele wakifikiri wanasogelea usukani wapate nafuu. Ukiona usukani uko mbali, kinachobadilishwa ni ile stemu, kile kipande kinachoushika, kuna fupi na ndefu.

Mvua ya Kericho ilitupata saa nane kamili kana kwamba ilikuwa imeandikwa kwa ratiba, tukakimbilia kibanda katikati ya majani chai. Ndani kulikuwa na jamaa wawili watatu, mmoja anaendesha mashine ya kuchuna chai. Shemeji akamwambia stori ya mkono wangu na akafungua kiganja chake akacheka, akasema yeye jioni akishika kikombe anaona ni kama mkono ni wa mtu mwingine, ni mtetemo wa mashine. Akatuonyesha vile huwa anabadilisha mshiko kila mara hata kama hakuna haja, "usingoje ikufe ganzi, badilisha ikiwa mzima." Hiyo niliibeba mpaka Kisumu.

Kericho, kilomita 74, lodji 1,000 na maji moto ya bomba. Ufunguo nilizungusha kwa mkono wa kulia, sikutaka kujua.

Ijumaa 15 Agosti. Kericho hadi Kisumu

Kila mtu aliniambia hii ni siku rahisi, ni kuteremka tu, kutoka karibu mita 2,000 hadi kule ziwani kama 1,135. Waliosema hivyo huenda kwa gari.

Kuteremka kulileta uchungu mwingine kabisa, si ganzi ya vidole, ni huku kati ya kiwiko na kiganja, misuli inaungua. Kutoka Kapsoit kwenda Kipsitet mteremko hauishi, na nilikuwa nimeshika breki kutoka juu, vidole vinne, muda wote, navuta polepole bila kuachilia. Kufika katikati nikasimama, si kwa kutaka, ni kwamba vidole vilianza kulegea vyenyewe na mbele kulikuwa na lori la miwa linatambaa. Hiyo iliniogopesha kuliko ganzi. Ganzi inakunyima ufunguo, hii inakunyima breki.

Baiskeli ya resi ina zile pembe za usukani zilizopinda chini kama za kondoo, mimi nilikuwa nafikiri ni za watu wa mashindano, sijawahi kuzishika. Nikashika. Na kumbe ukiwa huko chini kidole kinafikia breki kwenye ncha, mbali na pale ilipofungwa, kwa hivyo vidole viwili vinafanya kazi ambayo juu vilitaka vinne. Ukivuta unapunguza mwendo sawasawa, unaachilia kabisa, unapumzika, unavuta tena, usishikilie tu kama mtu anakamua nguo. Na viwiko vimekunjwa, taya ikigonga shimo mikono inameza, haifiki shingoni. Tulifika chini mimi nikiwa mbele ya shemeji kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akasema ni kwa sababu amebeba begi langu.

Awasi joto likatupokea kama mlango wa oveni. Huku ni Kano, tambarare, milima ya Nandi imesimama upande wa kulia kama ukuta, trekta za miwa zinapita zinaangusha vipande na watoto wanavikimbilia. Mmoja alitupa kipande bila kuombwa, tukakitafuna tukienda.

Kwa tambarare ndio nilifanya jaribio moja ambalo nimelipenda. Barabara ikiwa wazi nyuma na mbele, hakuna gari, unakanyaga kawaida, halafu unainua mikono miwili juu ya usukani, sentimita moja tu, sekunde moja. Kama mwili unaanguka mbele, uzito wako uko mikononi. Kama unabaki, tumbo na mgongo vinakushika. Mimi nilibaki, nikitetemeka kama jeli. Shemeji kwa mauntini yake aliinua mikono yote akaanza kupiga makofi, akapigiwa honi na boda.

Ile ya jamaa wa chai nikaifanya pia: kila tukipita nguzo kadhaa za stima nabadilisha, juu ya breki, halafu juu katikati, halafu pembe, halafu mkono mmoja nakung'uta, wa pili nakung'uta. Inachosha kukumbuka. Ukiacha unarudi kwa mshiko mmoja bila kujua.

Ahero mchele na samaki wa kukaanga kando ya daraja la Nyando, 250, na mama aliyetuuzia aliposikia tumetoka Nakuru kwa baiskeli akamwambia shemeji kwa Kijaluo kitu kirefu ambacho shemeji alikataa kunitafsiria. Kutoka Ahero hadi Nyamasaria magari mengi, vumbi, sina cha kusema. Kilomita 83. Kwa mama mkwe kuku alikuwa tayari.

Jumamosi 16 Agosti. Kisumu, kukaa

Mama mkwe aliona nikishika kijiko akasema hapana, akaita jirani, dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia. Akaja na chai yake mkononi. Akaniambia nishike karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili, kama nimeshika noti sitaki inyakuliwe. Akavuta. Kulia karatasi ilibaki. Kushoto gumba lilijikunja lenyewe kwenye kiungo kujaribu kushika, na karatasi ikatoka tu. Akasema hiyo ndiyo ilikuwa inanikataza ufunguo.

Alinieleza akichora kwa kiganja changu na kalamu. Kuna neva inayopita nyuma ya kiwiko, ile ukigonga unasikia stima, inashuka hadi kwa kiganja upande wa kidole kidogo na kupita kwa kimfereji chembamba pale chini ya kiganja, karibu na kifundo. Jina lake ni neva ya ulna. Inalisha kidole kidogo na nusu ya kile cha pete, na pia inaendesha misuli midogo ya kiganja, ile ya kutandaza vidole na kubana. Mtu wa baiskeli akiegemea pale pale masaa mengi anaifinya. Ukisikia ganzi ni kwa gumba, shahada na cha kati, hiyo ni neva nyingine, inapita katikati ya kifundo, na mara nyingi ni kifundo kukunjwa.

Nikamuuliza itaisha lini. Akasema ganzi inayopotea dakika chache baada ya kushuka si ya kukimbiza mtu hospitali, ni ya kurekebisha baiskeli. Lakini ikilala na wewe hadi asubuhi, au nguvu ikipungua kama yangu, pumzisha, na kama haionyeshi kupona katika wiki mbili tatu uende uonwe, usingoje misuli ikonde. Nikamuuliza kuhusu glavu zenye sifongo. Akasema zinasaidia kama sifongo iko kando ya ile sehemu na si juu yake, nene sana ni mbaya pia, unakaza mkono zaidi kushika.

Jioni Dunga, kando ya ziwa, samaki ngege mzima na ugali, 600, tukala na mikono. Vidole tisa vikafanya kazi, kimoja kikawa mgeni.

Jumapili 17 Agosti. Maseno na Kibuye

Nilikuwa nimeambiwa nipumzike. Nilipumzika hadi saa moja asubuhi. Shemeji alisema hadi Maseno ni karibu, tusimame kwa ile alama ya ikweta tupige picha, na nikajiambia nitaenda polepole, mkono ukisema neno narudi.

Baada ya Kisian unapanda hadi Maseno, na kupanda kwa kweli ni rahisi kwa mikono, mwendo mdogo, mtetemo kidogo, unashika juu katikati vidole vimelegea kama unapiga kinanda. Watu wa kanisa wamejaa kando ya barabara na nguo nyeupe. Pale ikweta kijana wa boda alitupiga picha nne na kwa zote amekata ile alama. Mkono haukusema neno. Kurudi chini nilitumia pembe, vidole viwili, nikifika chini nilitandaza vidole kila mita mia kama mtu amechanganyikiwa.

Mchana soko la Kibuye, kwa mitumba, nikapata glavu nusu vidole za baiskeli, sifongo nyembamba, 200 baada ya kuanziwa 500. Geuza ndani nje kabla ya kununua, mshono unaopita katikati ya kiganja utakuumiza kuliko kutovaa.

Jumatatu 18 Agosti. Kurudi

Matatu hadi Nakuru 900, baiskeli 400 juu ya keria. Toa magurudumu mwenyewe, weka kadibodi kati ya cheni na fremu, na simama hapo ukiangalia wakifunga kamba, usiende kununua maji. Mimi nilienda kununua maji. Breki ya kulia ilifika imepinda kuelekea ndani kama sikio la mbwa.

Kidole kiliamka chenyewe siku ya kumi na mbili, nikiwa naosha vyombo, nikasikia maji ni baridi. Karatasi sasa inabaki mikono yote. Fundi wa huku kwetu amenipatia stemu ya mtumba ya milimita 90 badala ya ile yangu ya 110, elfu moja na mia mbili, na nimesogea karibu na usukani bila kugusa kiti. Ile tubu ya kutoka kule karibu na Chepseon bado iko chini ya utepe, nimekataa itolewe. Jumamosi naijaribu hadi Njoro na kurudi, na shemeji anasema atakuja, ila safari hii begi nitabeba mimi kwa keria. Nimeshanunua keria.